Riviu: kura ya gavana New Jersey 2025, mchujo wa Juni ndo ulikuwa na nyama yote

Tunariviu simu, tunariviu saluni za kusuka, tunariviu hadi kampuni za kutuma hela nyumbani, lakini hii huduma ya kuchagua gavana ambayo tunailipia kodi mwaka mzima hakuna anayeiriviu, kwa hiyo leo naifanya mimi. Nimeipitia yote pale 2025, mchujo wa vyama tarehe 10 Juni na uchaguzi mkuu tarehe 4 Novemba, mwenyewe nilipiga kwa mashine, na kuna mama mmoja wa kanisani kwetu nilikaa naye mezani akapiga ya posta, kwa hiyo nitasema zote mbili. Na niseme mapema kabisa kile ninachokiamini ili hata ukiishia hapa uwe umekipata: Novemba ilikuwa nzuri, lakini Juni ndo kulikuwa na uchaguzi wenyewe, na watu wetu wengi Juni walilala.

Kwanza kwa wale wageni. Gavana wa huku usimfikirie kama gavana wa kaunti kule Kenya ambako wako 47 na Rais juu yao. New Jersey yote, kaunti 21, ina gavana mmoja, na ni kati ya magavana wenye nguvu sana Marekani, manake yeye na mgombea mwenza wake ndo viongozi pekee wa serikali ya jimbo wanaochaguliwa na jimbo zima. Mwanasheria mkuu wa jimbo hachaguliwi, anateuliwa na gavana akishapitishwa na Seneti ya jimbo, majaji wa mahakama ya juu hivo hivo, na bajeti ikiletwa mezani gavana anaweza kukata kifungu kimoja kimoja na kuacha vingine. Huyo naibu mwenyewe cheo chake kilianza kujazwa kwa kura 2009 tu, kabla ya hapo hakukuwepo. Sasa mtu wa namna hiyo, halafu anaruhusiwa vipindi viwili mfululizo, Phil Murphy aliingia Januari 2018 akamaliza viwili vyake, kwa hiyo 2025 kiti kilikuwa wazi na kila mwenye jina alikitaka.

Na mwaka wenyewe ndo unawapoteza watu. New Jersey na Virginia ndo majimbo mawili tu yanayochagua gavana mwaka unaofuata ule wa Rais. Mtu amechoka, amepiga ya Rais Novemba 2024, anajua amemaliza mpaka 2028, kumbe miezi saba tu baadaye kuna mchujo. Hilo si kosa la mtu, ratiba ndo ilivyo, ila inaumiza.

Haya, mchujo. Upande wa Democrats walikuwa sita: Mikie Sherrill aliyekuwa mbunge wa Congress na zamani rubani wa helikopta wa jeshi la wanamaji, Ras Baraka meya wa Newark, Steven Fulop aliyekuwa meya wa Jersey City wakati ule, Josh Gottheimer naye mbunge wa Congress, Sean Spiller aliyekuwa rais wa chama cha walimu wakati ule, na Steve Sweeney aliyewahi kuwa rais wa Seneti ya jimbo. Upande wa Republicans walikuwa watano, wanaojulikana zaidi wakiwa Jack Ciattarelli, mtangazaji wa redio Bill Spadea na seneta Jon Bramnick. Sita upande mmoja! Na si sita wa kujaza nafasi, ni watu sita ambao kila mmoja ungeweza kumpigia na ukajieleza kwa mwenzako kwa nini.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo, manake ndo sababu ya nyota tano. Zamani karatasi ya kura ya mchujo New Jersey ilikuwa na kitu walikiita laini ya kaunti. Katika kaunti 19 kati ya 21 viongozi wa chama wa kaunti wakishamuidhinisha mtu, jina lake linawekwa kwenye mstari mmoja na walioidhinishwa wengine wote, kuanzia aliye juu kabisa mpaka wa chini, Rais au seneta au gavana pale juu halafu wengine wanafuata, mstari umenyooka umejaa vizuri. Wewe ambaye hujaidhinishwa unatupwa pembeni huko, pengine kuna nafasi tupu katikati, pengine umebanwa na mtu anayegombea cheo kingine kabisa, mpiga kura akiangalia anaona kama hawa pembeni ni watu wa ziada tu. Mtu anashika mstari ule mnene anashuka nao mpaka chini anaondoka. Kwa hiyo ukweli ni kwamba viongozi wachache wa kaunti walikuwa wameshachagua kabla hata kituo hakijafunguliwa, na wagombea walikuwa wanaenda kuwabembeleza hao viongozi kwanza, wananchi baadaye. Ni Salem na Sussex tu ambako hawakuwa nayo.

Andy Kim ndo alienda mahakamani 2024 wakati anagombea useneta wa Marekani, na mwishoni mwa Machi mwaka huohuo jaji wa serikali kuu Zahid Quraishi akazuia laini isitumike kwenye mchujo wa Democrats. Machi 2025 ikatoka sheria ya jimbo kabisa, Murphy akaisaini, karatasi za vyama vyote zikapangwa kwa cheo: hapa kuna sanduku limeandikwa Gavana, ndani yake majina yote, chini yake sanduku la cheo kingine, majina yake yote. Basi. Ndo mchujo wa kwanza wa ugavana kupigwa hivo.

Unaweza kusema ah, mpangilio wa karatasi tu, kuna maana gani. Nenda ukasimame mbele ya ile mashine. Mimi nilipiga siku za mapema, ambazo kwa mchujo zilikuwa kuanzia tarehe 3 mpaka 8 Juni, na uzuri wa siku za mapema ni kwamba hufungwi na kituo cha mtaa wako, unaenda kituo chochote cha mapema ndani ya kaunti yako. Unatoa jina, karani anakutafuta kwenye tableti, unasaini kwa kalamu ya plastiki kwenye skrini, anailinganisha na saini yako iliyoko kwenye kumbukumbu, anakupa karatasi ndefu nyembamba unaiingiza kwenye mashine. Skrini ni kubwa kama mlango wa friji, inakuletea kila kitu kwa mara moja. Na pale juu, Gavana, majina sita yamekaa moja chini ya jingine, herufi saizi moja, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Unagusa moja linakuwa na rangi. Ukibadilisha mawazo unagusa tena linatoka. Ukimaliza mashine inachapa chaguo zako kwenye ile karatasi na kukuonyesha nyuma ya kioo, unasoma jina kwa jina, ukiridhika unabonyeza inashuka kwenye sanduku. Karatasi inabaki, ikitokea ubishi kuna kitu cha kuhesabu kwa mkono. Mimi niliisoma ile karatasi mara mbili, sio kwa kuwa siamini mashine, ni kwa kuwa nilikuwa nafurahia.

Na matokeo ya mchujo yalionyesha kwamba watu walichagua kweli. Sherrill alishinda kwa kama 34% hivi, Baraka akafuata na kama 20%, Fulop nyuma yake, kura zilisambaa. Sweeney ambaye alikuwa mtu mzito wa kusini ya jimbo miaka na miaka akawa wa mwisho. Chama cha walimu kilimwaga makumi ya mamilioni ya dola kumsukuma Spiller na bado hakufika hata nafasi ya tatu. Nakubali Sherrill naye alikuwa na viongozi wengi wa kaunti nyuma yake, nguvu yao haijaisha, wana hela na wana watu wa kugonga milango, ila sasa wanalazimika kugonga, hawawezi tena kukaa ofisini wakachora mstari. Na Baraka, ambaye mwezi mmoja kabla ya mchujo alikamatwa pale Delaney Hall, kile kituo cha kuzuilia wahamiaji Newark, kesi ikafutwa, alipata nafasi ya pili akiwa hana mashine kubwa ya chama nyuma yake. Chini ya mpangilio wa zamani sijui angeonekana wapi kwenye karatasi za kaunti.

Republicans kwao ilikuwa nyepesi zaidi, Ciattarelli alishaidhinishwa na Trump Mei, akachukua kama 68%, hakukuwa na mvutano.

Sasa malalamiko ya Juni, na haya nayasema kwa uchungu. Mchujo wa New Jersey ni wa wanachama, Democrat anapiga ya Democrats, Republican ya Republicans. Lakini kama umejiandikisha huna chama, na hao ni zaidi ya milioni 2 jimboni na ndani yake tumo sisi wengi ambao siku ya kuapa uraia tulijaza fomu haraka haraka tukaacha kile kipengele cha chama wazi, unaruhusiwa kufika kituoni siku hiyohiyo, ukatangaza chama, ukapiga. Palepale! Hujachelewa. Anayezuiwa ni yule aliyeshajiandikisha chama kimoja halafu anataka kuhamia kingine, huyo lazima ajaze fomu siku 55 kabla. Sasa niliko mimi kwenye foleni, kituo sitakitaja, kijana mbele yangu, Mkongo anayeongea Kiswahili kile kitamu cha Bukavu, akaambiwa na karani kwamba yeye hana chama kwa hiyo arudi Novemba. Kijana akageuka kweli anaondoka, ameshukuru na kushukuru. Nikamwambia ngoja kaka, usitoke, muombe msimamizi. Msimamizi alipokuja akafungua kijitabu chao, akaomba radhi, kijana akajaza fomu akapiga. Imeisha vizuri, lakini wangapi waliondoka bila mtu nyuma yao kuwaambia ngoja? Makarani wanafundishwa, najua, na ni siku ndefu kituo kinafunguliwa saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku siku yenyewe ya kura, wengine ni wazee wamestaafu wanajitolea muda wao kwa malipo kidogo, siwakatai. Ila hili swali moja la asiye na chama liandikwe kwa herufi kubwa libandikwe mlangoni, kwa lugha zote, ndo swali litakaloulizwa kuliko yote Juni.

Kura zote za Juni ukijumlisha vyama vyote viwili zilikuwa kama milioni 1.3. Novemba zikapita milioni 3. Angalia hiyo tofauti vizuri. Yaani kuna watu karibu milioni 2 walikuja Novemba wakakuta majina mawili ambayo wengine walishawachagulia, halafu wanasema hawa wagombea gani hawa. Walikuwa kumi na moja jamani, Juni.

Kitu kingine nilichokipenda ambacho hakionekani kituoni ni hela. New Jersey ina mpango wa serikali kuchangia kampeni za ugavana: mgombea akishakusanya kiwango fulani mwenyewe, kila dola 1 anayochangiwa serikali inamuongezea 2. Na mtu mmoja hawezi kumchangia mgombea zaidi ya dola 5,800 kwa mchujo, akifika mkuu inaanza hesabu nyingine. Anayechukua hela hizo anakubali ukomo wa matumizi na analazimika kuja kwenye midahalo, hawezi kujificha. Ndo maana Sherrill na Ciattarelli tuliwaona uso kwa uso mara mbili kabla ya Novemba, tarehe 21 Septemba pale chuo cha Rider na tarehe 8 Oktoba New Brunswick. Shida ni kwamba makundi ya nje hayana ukomo huo, kwa hiyo matangazo yalikuja mpaka tukashindwa kuangalia mpira, simu nayo meseji asubuhi mchana jioni. Hapo napunguza alama, hata kama najua sheria ya ukomo wa makundi ya nje haiko mikononi mwa jimbo.

Mdahalo wa Septemba niliuangalia wote na ulinisaidia. Bili ya umeme ndo ilikuwa habari ya mjini, Juni 2025 zilipanda kati ya 17% na 20%, kila nyumba ilihisi, na hao wawili walijibu tofauti kabisa. Sherrill akasema siku ya kwanza anatangaza hali ya dharura na kusimamisha bei. Ciattarelli akasema anaitoa New Jersey kwenye ule muungano wa majimbo wa kulipisha viwanda vya umeme kwa hewa chafu, akisema ndo unaopandisha gharama, na akasukuma sana kodi ya nyumba ambayo huku ni kati ya kubwa kabisa nchini. Ukikubali ukikataa, unajua unachochagua, na mdahalo wa namna hiyo mimi nautaka kila uchaguzi.

Posta sasa. Mama yetu wa kanisani miguu inamsumbua, aliomba kura ya posta, ikaja nyumbani mapema kabisa. Nilikaa naye mezani kwake. Ndani kuna karatasi ya kura, bahasha ya ndani, na bahasha kubwa ya nje. Ile bahasha ya ndani ina kipande kimeshikana nayo, hapo ndo unaandika jina na anwani na unaweka saini, na hicho kipande hukikati, kikitoka kura ina matatizo. Yeye mkono ulikuwa tayari na mkasi. Nikamwambia mama, hicho kiache. "Si kinaning'inia mwanangu?" Kiache kining'inie hivohivo mama, ndo saini yako hiyo. Akacheka akakikunja kikaingia ndani ya bahasha kubwa. Nilikuwa namsomea majina kwa kuwa miwani yake haisomi herufi ndogo, kwa hiyo sheria inataka na mimi niandike jina langu na kusaini kama msaidizi, kuna sehemu yake palepale. Alipofika kwa gavana akaniuliza, "Huyu mwanamke ndo yule wa helikopta?" Nikamwambia ndiye. Hakuniambia anampigia nani na sikumuuliza, nikageuka dirishani mpaka akaniita. Naye akabandika bahasha mwenyewe.

Kuna masanduku ya chuma ya kudondoshea kura, yana kamera, yanafungwa saa 2 usiku siku ya kura. Ukimpelekea mtu mwingine hakikisha unasaini sehemu ya mbebaji, na mtu mmoja haruhusiwi kubeba za zaidi ya watu watatu, isipokuwa za familia yake anaoishi nao nyumba moja, hapo mwisho watano. Ukituma kwa posta ya kawaida muhuri uwe wa siku ya kura au kabla, na ifike ndani ya siku sita. Halafu hii nzuri sana: saini ikionekana hailingani hawaitupi kimya kimya, wanakuandikia barua ujibu kwamba ni yako kweli. Jimbo zima linafanya hivo kwa sheria. Unaweza pia kuifuatilia mtandaoni uone imepokelewa. Mama alipoonyeshwa kwenye simu kwamba yake imepokelewa alipiga makofi.

Tahadhari moja tu ya posta: ukishaiomba, siku ya kura huwezi kwenda kituoni ukapiga mashine. Watakupa karatasi ya pembeni inayowekwa kwenye bahasha mpaka wahakikishe hujapiga mara mbili. Inahesabiwa, usijali, ila inachukua muda, na watu wetu wengine wakipewa ile wanahisi wamebaguliwa. Si ubaguzi, ni utaratibu, na makarani wangesema sentensi moja tu ya kueleza ingemaliza.

Novemba yenyewe sina maneno mengi, na hiyo ni sifa. Siku za mapema zilikuwa tarehe 25 Oktoba mpaka 2 Novemba. Kabla ya hapo sampuli ya karatasi ya kura ilishakuja kwenye boksi la barua, unakaa nayo nyumbani, unaweka alama, unaenda nayo kituoni hakuna anayekuuliza. Juu wagombea wanne wa ugavana kila mmoja na mwenza wake, Sherrill na Dale Caldwell ambaye ni mchungaji, Ciattarelli na Jim Gannon aliyekuwa sherifu wa kaunti ya Morris wakati ule, halafu wawili wa vyama vidogo, Libertarian na Socialist Workers. Chini yake viti vya bunge la jimbo, vyote 80 vilikuwa vinagombewa mwaka huo. Foleni ilikuwepo ila ilitembea. Hawakuniomba kitambulisho, wengi hawaombwi, saini inatosha, isipokuwa wale wapya waliojiandikisha kwa posta ambao namba zao za leseni au Social Security hazikuthibitishwa. Wewe mpya beba tu, haina hasara.

Siku yenyewe tarehe 4 kulikuwa na hofu. Barua pepe za vitisho vya mabomu zilitumwa kwenye vituo vya kaunti saba, polisi wakakagua, vikaonekana si vya kweli, vituo vingine vikafungwa kwa muda kisha vikafunguliwa, vingine watu wakaelekezwa pa jirani. Na wizara ya sheria ya Marekani ilituma waangalizi kaunti ya Passaic, ambako kuna wahamiaji wengi, watu walikuwa wananiuliza kama ni salama kwenda. Swali hilo liliniuma kwelikweli, raia ameapa, ana haki yake, anauliza kama ni salama. Nilichokiona mimi na nilichoelezwa na waliopiga kule ni kwamba walipiga. Namna makarani walivyotulia siku ile, wakahamisha watu bila kelele, hapo wanastahili shukrani na nawashukuru.

Matokeo yalitoka usiku huohuo. Sherrill karibu 57%, Ciattarelli kama 42%. Kura za maoni nyingi zilikuwa zinasema pengo dogo, na Ciattarelli mwaka 2021 alimkaribia Murphy kwa kama alama 3 tu, kwa hiyo watu walishangaa. Hakuna chama kilichokuwa kimeshinda ugavana New Jersey mara tatu mfululizo tangu miaka ya 1960. Na Sherrill ni mwanamke wa pili kushika kiti baada ya Christine Todd Whitman wa Republicans. Ciattarelli akampigia simu akakubali kushindwa, akaenda nyumbani, hilo nalo ni sehemu ya huduma, mshindani anayekubali. Tarehe 20 Januari 2026 Sherrill akaapishwa.

Kilichonipunguzia nyota Novemba ni lugha. Kihispania kipo sehemu nyingi, Kikorea Bergen, Kigujarati Middlesex, kaunti zinaongeza kadri watu wanavyoongezeka, na hiyo ni haki. Kiswahili hakipo, na Jersey City ina Wakenya wengi wa muda mrefu, na Wakongo nao wapo. Sidai karatasi nzima itafsiriwe kesho, nadai hata ukurasa mmoja wa maelekezo, jinsi ya kusaini ile bahasha, nini ukae nacho nini usikate. Wakati tunasubiri, jua kwamba sheria ya Marekani inakuruhusu kama Kiingereza chako cha kusoma ni kidogo uingie na mtu wako unayemtaka akusaidie mpaka kwenye mashine, ndugu, jirani, mtoto wako, asiwe tu mwajiri wako au wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Karani akikukatalia omba msimamizi, kama yule kijana.

Je naipendekeza? Sana. Juni nyota tano kwa ile karatasi, nimepunguza nusu kwa ajili ya yule karani. Novemba nne. Posta nne na nusu, hiyo nusu ni ya herufi ndogo.

Na kwa wenye vijana nyumbani, kuanzia 2026 mtoto wa miaka 17 anaruhusiwa kupiga ya mchujo kama atakuwa ametimiza 18 kufikia uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Kujiandikisha ni mtandaoni, mwisho siku 21 kabla ya kura, na ukihama nyumba hata kama ni ghorofa ya pili ya jengo lilelile badilisha anwani mapema, manake kura ya posta haifuati watu wanaohama, posta wanaruhusiwa kukupelekea barua nyingine zote lakini hiyo inarudi ilikotoka.